Nati ya klachi isiyofunguka: kabla ya kushika nyundo, shikilia kitovu



Katika parokia na miradi mingi ya vijijini bado zipo pikipiki za zamani zinazofanya kazi, hasa Yamaha AG100 na DT125. Ndizo zinazompeleka katekista kigangoni na mhudumu wa wagonjwa kwenye nyumba zisizofikiwa na gari. Pikipiki ya aina hii ikitunzwa hudumu miaka mingi. Lakini zipo zinazoishia kuegeshwa nyuma ya stoo kwa sababu ya kitu kidogo: nati moja iliyofunguliwa kwa nyundo na tindo. Katika toleo hili tunaeleza nati hiyo ni ipi, kwa nini inakuwa ngumu, na namna ya kuifungua bila kuharibu injini.

Nati hii iko wapi?

Klachi iko upande wa kulia wa injini, chini ya mfuniko wenye kiki. Ina sehemu mbili kuu. Ya nje ni kama kikombe chenye meno ya gia, nayo huzungushwa na injini. Ya ndani ni kitovu, ambacho kimekaa kwenye shafti ya gia boksi. Katikati yake zimepangwa pleti zinazobanwa pamoja na springi. Nati ya klachi ndiyo inayokaza kitovu kwenye shafti, na chini yake kuna washa ya bati iliyokunjwa ili nati isilegee.

Je, ni lazima kuifungua?

Hili ni swali la kwanza ambalo kamati inapaswa kumuuliza fundi. Pikipiki ikinguruma bila kupanda mlima, mara nyingi pleti zimekwisha au kebo imekazwa mno. Kebo hurekebishwa nje kwa dakika chache. Pleti nazo hutoka baada ya kuondoa springi na bamba la kubana, bila kugusa nati. Nati hufunguliwa pale tu kikombe au kitovu kimeliwa, gia za kiki nyuma ya klachi zimeharibika, au injini inapasuliwa yote. Fundi akisema nati lazima ifunguliwe, aeleze ni kwa sababu gani.

Kwa nini inakataa?

Wengi hudhani ni kutu, wakamimina mafuta ya kulainisha. Lakini nati hii huishi ndani ya oili, na kwa kawaida haina kutu, isipokuwa maji yameingia kwenye gia boksi. (Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.) Sababu za kweli ni tatu: nati ilikazwa kupita kiasi, washa haijakunjuliwa vizuri, au, na hii ndiyo kubwa, hakuna kinachoishikilia shafti. Ukizungusha spana, kitovu na shafti vinazunguka pamoja na nati, na nguvu yote inapotea.

Hapo ndipo fundi asiye na vifaa huchomeka bisibisi kwenye meno ya kikombe. Hii haisaidii, kwa sababu pleti zikishatolewa kikombe na kitovu haviko pamoja tena. Kikombe kinabanwa, kitovu kinaendelea kuzunguka, na meno yanavunjika bure. Kinachofuata ni tindo na nyundo. Nati inakuwa duara, nyuzi za shafti zinaharibika, na vipande vya chuma vinaanguka ndani ya gia boksi.

Hatua za kufuata

1. Washeni injini dakika chache ili oili ya gia ipate moto, kisha zimeni na kuimwaga kwenye chombo. Msiimwage ardhini wala karibu na kisima.

2. Safisheni injini kwa nje. Ondoeni kiki na kila kinachozuia mfuniko. Kama mpira wa oili na kebo ya pampu vimeungwa kwenye mfuniko, viondoeni kwa uangalifu. Wakati wa kurudisha, hewa itolewe kwenye mpira huo, kwani injini ya aina hii ikikosa oili hata kwa muda mfupi pistoni hukwama.

3. Chukueni kipande cha boksi la karatasi, toboeni matundu kwa umbo la mfuniko, na chomekeni kila bolti mahali pake. Bolti hizi hutofautiana urefu, na ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kupasua kasha la injini.

4. Legezeni bolti za springi kidogo kidogo kwa kupishana. Toeni bamba na pleti, mkizipanga kwa mfuatano wake.

5. Kunjueni washa mpaka ilale kabisa. Hata ncha ndogo iliyobaki huizuia spana kukaa sawasawa.

6. Shikilieni kitovu. Kifaa bora kinatengenezwa hapa hapa: chukueni pleti mbili au tatu kuukuu za chuma zenye meno ya ndani, zichomeleeni pamoja, kisha mchomelee ubapa wa chuma wenye urefu wa sm 50 au 60 kama mpini. Pleti moja haitoshi, kwa kuwa kitovu ni cha alumini laini na meno yake yanaweza kulika. Kama kifaa hakipo, ingizeni gia ya juu kabisa, na mtu mmoja akanyage breki ya nyuma kwa nguvu. Gia ya juu ndiyo inayoipa breki mzigo mdogo zaidi.

7. Tumieni boksi spana ya pembe sita inayokaa barabara, yenye mpini mrefu. Mtu akivuta kwa kilo 30 kwenye mpini wa sm 60, nguvu inayofika kwenye nati ni mara tatu ya ile ya mpini wa sm 20. Vuteni taratibu bila kurusha mwili. Nati nyingi hufunguka kinyume cha mwendo wa saa, lakini si zote; someni kwanza kitabu cha pikipiki yenu.

8. Ikiwa bado inakataa, huenda iliwekwa gundi ya nyuzi. Gusisheni nati kwa ncha ya chuma kilichopashwa moto kwa muda mfupi, kisha jaribuni tena. Msitumie moto wa wazi: kuna oili, sili za mpira na mvuke wa petroli.

9. Mkishindwa kabisa, ikateni nati yenyewe polepole kwa drili upande mmoja, bila kugusa shafti, mkiwa mmeziba nafasi zote kwa vitambaa. Nati ni spea ndogo. Shafti ni injini nzima.

Wakati wa kurudisha, wekeni washa mpya na kuikunja, lowesheni pleti kwenye oili, na kazeni nati kwa spana yenye kipimo kulingana na kitabu. Aliyekaza kwa kubahatisha leo ndiye anayemwachia mwenzake nati isiyofunguka kesho.

Kamati na wafadhili wafanye nini?

Kwa kamati, tunashauri mambo matatu. Kwanza, tengenezeni kishikio cha klachi na mkitunze parokiani pamoja na boksi spana ya saizi sahihi, ili kila fundi avikute. Pili, muwe na daftari la pikipiki linaloonyesha tarehe, kilichofunguliwa, spea iliyowekwa na jina la fundi. Tatu, spea zilizotolewa zirudishwe kwa kamati zionekane.

Kwa wafadhili, bajeti ya pikipiki mara nyingi huishia kwenye bei ya kununulia, mafuta na bima. Tunaomba fungu dogo la vifaa na kitabu cha matengenezo liingizwe tangu mwanzo. Si anasa. Spana ya kipimo ikinunuliwa mara moja inaweza kuhudumia pikipiki za parokia kadhaa kwa miaka.

Mgonjwa anayesubiri dawa kijijini haijui nati ya klachi. Anachojua ni kwamba wiki hii mhudumu hakuja. Basi tuanze na kilicho ndani ya uwezo wetu: kishikio kimoja, daftari moja, na fundi aliyepewa nafasi ya kufanya kazi bila haraka.