Tuta Lilelile, Mlima Uleule

Julai 1955, wakulima wa Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, walikusanyika kuyakataa matuta ya ngazi waliyoamriwa kuchimba. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na serikali ya kikoloni ikausitisha mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nusu karne baadaye, kwenye milima hiyohiyo, wakulima wa Kibungo Juu walichimba matuta ya ngazi kwa ridhaa yao. Sisi tunaofanya kazi ya elimu kwa umma tunapaswa kuijua habari hii vizuri kuliko mwongozo wowote wa kampeni.

Mabwana shamba wa wakati ule hawakuwa wamekosea kuhusu mmomonyoko. Mteremko wa Uluguru ni mkali, mvua zake ni nzito, na udongo unaoteremka huishia Mto Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Lakini udongo wenye rutuba kule juu mara nyingi ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi bila uangalifu, unaufukia ule mweusi na kuufukua ule usiozaa. Mkulima aliyesema tuta linaua mahindi alikuwa anasimulia alichokiona shambani kwake. Akajibiwa kwa faini.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na shamba ni la ukoo kabla ya kuwa la mtu. Anayelima kwa kuazima kwa ukoo mwingine hutoa malipo madogo ya kuonyesha kwamba anamtambua mwenye ardhi, wala haruhusiwi kuweka kitu cha kudumu, kama mti, kwa kuwa kitu cha kudumu ni dai la umiliki. Sasa mwambie mtu huyo achimbe tuta litakaloishi miaka ishirini. Unamwagiza akagombane na wenye ardhi. Wenye ardhi nao waliona mkono wa serikali unapapasa mashamba yao, na chama cha TANU, kilichokuwa na mwaka mmoja tu, kikakuta hasira imeshaiva.

Mgeta, upande wa magharibi, matuta yalipokelewa vizuri zaidi. Kule kuna baridi, kuna mifereji ya maji, na kabichi na viazi vina soko. Tuta lililipa, basi likatunzwa.

Baada ya uhuru nchi ilijifunza njia nyingine ya kuelimisha umma. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2. Wengi huikumbuka kwa vyoo vilivyochimbwa, ila nguvu yake ilikuwa katika mpangilio wa kikao. Kikundi kilikutana na kiongozi aliyefundishwa, kikasikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu, kisha redio ikazimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza: hapa kwetu malaria inatokana na nini, nani atafyeka, tutaanza lini? Uamuzi ulitoka midomoni mwa wanakikundi. Naamini ule muda wa redio kuzimwa ndio uliokosekana Matombo.

Kibungo Juu muda huo ulikuwapo. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa huko kwa kuutunza udongo wa vyanzo vya Ruvu, na shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, likawa miongoni mwa walipaji. Mkulima alichagua mwenyewe: matuta ya ngazi, fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), miti au kilimo mseto. Malipo hayakuwa makubwa, na sidai kwamba kila tuta la siku zile lingali zima. Ninachokisisitiza ni mfuatano: maelezo, maswali, makubaliano, kisha jembe.

Nayakumbuka haya kila ninapoona kampeni ya hati za kimila za ardhi inapanda mlimani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati kuandikwa kwa jina la mtu, la familia au la kikundi. Mikutanoni, hata hivyo, ni rahisi mno kueleza ile ya mtu mmoja tu, aghalabu baba mwenye kaya, kisha kusogea kitongoji kinachofuata. Kwa Waluguru, huko ni kuuondoa ukoo wa mama kwenye shamba lake kwa kalamu, na mama mwenyewe ameketi palepale akisikiliza.

Kwa hiyo nawaomba maofisa ardhi wapande kwa siku mbili, si moja. Ya kwanza waeleze aina zote tatu za hati, washuke bila kujaza fomu hata moja. Usiku huo wajomba, dada na mama watakaa na kuzungumza. Ya pili waende kuwasikiliza.