Usipoziba Ufa: Nyumba za Mawe za Kericho

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka kuonyesha jinsi methali hii ilivyo kweli tupu hapa kwetu.

Sisi wa Kericho na Bomet tumezoea kuona nyumba kuukuu katikati ya mashamba ya chai: kuta nene za mawe, paa lenye mwinamo mkali na bomba la moshi juu yake. Kampuni za Waingereza zilipoanza kupanda chai kwa wingi hapa miaka ya 1920, mameneja walijengewa nyumba mithili ya zile za kwao. Hata kanisa la mawe la Holy Trinity mjini Kericho, ungelihamishia kijiji cha Uingereza, wenyeji wangedhani ni lao. Kwetu theluji haianguki, lakini mwinamo ule unafaa, maana mvua zetu za alasiri huteremka upesi. Na bomba la moshi je? Tuko mita zipatazo 2,000 juu ya bahari. Baridi ya Julai mnaijua wenyewe!

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji. Gata ikizibwa na majani, maji hufurika na kulowesha ukuta. Hapo fundi huja mbio na simiti. Hebu tahadhari! Kama mawe yaliunganishwa kwa chokaa, unyevu hutokea kwenye chokaa ukakauka. Simiti ni ngumu, huufungia ndani, kisha jiwe lenyewe huanza kumong'onyoka. Ndiyo maana kuta za kale za Lamu hufaa kukarabatiwa kwa chokaa. Basi fundi achunguze kwanza ukuta wake ulijengwa kwa kitu gani.

Huko London, mwaka 1877, William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale. Waliona makanisa yakibomolewa sehemu zake ati yanafanywa mapya. Wakasema: tengeneza kidogo kidogo kila siku, usingoje kujenga upya.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Hizo si nyumba za wakoloni? Si zianguke tu?" Swali lake si la mzaha. Kwa sheria ya mwaka 1934, ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu kutoka hapa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ardhi ya wazee wetu ilichukuliwa. Lakini mawe yale hayakujipanga yenyewe. Yalibebwa na Waafrika. Ukuta ukianguka, ushahidi wa jasho lao na wa dhuluma ile huanguka nao. Afadhali tuutunze, na watoto waelezwe habari zote mbili.

Kwa hivyo, wenzangu, mvua zijazo zisitukute tumelala. Tuanze na gata za madarasa yetu.