Hoja ya Utumwa na Vita vya 1888–1889: Mtazamo wa Gulwe na Mpwapwa

Vita vya Abushiri aghalabu huelezwa kuwa vita vya pwani, ilhali moto wake ulifika Mpwapwa, jirani ya Gulwe, kwenye njia ya misafara. Mkataba wa Juni 1873 ulilifunga soko la watumwa la Unguja. Amri za Sayyid Barghash za 1876 zikapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Hata hivyo, kilichowasha vita Agosti 1888 ni bendera na ushuru ambavyo kampuni ya Kijerumani ilijitwalia. Hoja ya utumwa ilipata nguvu baadaye, huko Berlin. Bunge lilikuwa zito kuiokoa kampuni ya biashara. Kwa hiyo Januari 1889 Bismarck aliomba maki milioni 2 kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa. Akapewa. Wissmann akaajiri askari. Abushiri akakivamia kituo cha kampuni Mpwapwa mwaka huohuo, na Desemba akanyongwa Pangani. Utumwa wenyewe (na hapa ndipo hoja inapojisuta) Wajerumani hawakuufuta: waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922.