Mbele ya kuandikisha mtoto ku shule ya kikristo ya mtu binafsi: maulizo sita kwa wazazi wa mukini

Mwezi wa nane umefika. Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, ukipita mu kila kartie unaona banderole ku ukuta: « Inscriptions en cours ». Shule nyingi kati ya hizo zina jina lililotoka mu Biblia, na lupango lake mara nyingi ni lupango la kanisa. Wazazi wengi wa mukini wanapenda kupeleka mtoto kule. Wana sababu zao: mtoto atafundishwa sala na heshima, darasa halitajaa sana, na masomo yataanza kwa saa. Sisi hatusemi muache. Tunasema muulize kwanza, maana feza ikishatoka mukononi hairudi.

Zamani maulizo haya hayakuwako. Union Minière ilikuwa na shule za watoto wa wafanyakazi, pamoja na wamisionari Wabenedikto, na Gécamines iliendelea vile vile. Mposho, hospitali, shule, yote ilitoka ku kazi. Njo maana wazee wetu walisema: Gécamines njo baba, Gécamines njo mama. Kisha kampuni ikaanguka mu miaka ya 1990, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ile tunaita « départs volontaires ». Leo mfanyakazi wa sutretansi, mchimbaji wa karieri, mama wa soko, kila mmoja anachagua shule mwenyewe, na anailipa mwenyewe. Kuchagua ni haki yenu: kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Sasa tuone namna ya kuchagua muzuri.

1. Hii shule ni ya nani?

Hapa wazazi wengi wanachanganya. Shule ya padri ao ya pasta si lazima iwe shule ya mtu binafsi. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilitwaa shule za makanisa. Mu 1977 ikazirudisha mukononi mwa makanisa kwa mapatano: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Hizo njo « écoles conventionnées ». Kanisa linaziongoza, lakini ni shule za serikali, na serikali njo inapaswa kulipa walimu.

Tofauti hii inagusa mfuko wenu. Kifungu kile kile cha 43 kinasema shule ya msingi ni ya bure mu shule za serikali, na tangu mwezi wa tisa 2019 jambo hilo lilianza kutumika. Kwa hiyo mtoto wa msingi mu shule ya mapatano hapaswi kudaiwa minervali. Lakini shule ya mtu binafsi, hata iwe ya kanisa, haimo mu ubure huo. Pale mshahara wa walimu unatoka mu mfuko wa wazazi. Basi ulizo la kwanza ku biro ya direkteri ni hili: « Shule yenu ni conventionnée ao ni privée? » Kama anazunguka bila kujibu, mufahamu.

2. Hati ya serikali iko wapi?

Shule ya mtu binafsi inapaswa kuwa na hati inayoitwa « arrêté d'agrément ». Hiyo njo inasema serikali inaitambua. Omba uione. Soma jina la shule, soma namba na tarehe, na tena soma madarasa yaliyoandikwa. Shule inaweza kutambuliwa kwa msingi tu, na huku imefungua tayari darasa la saba, la nane na humanités. Jibu la « hati iko njiani » si hati. Kama una mashaka, enda ku sous-division ya elimu ya kwenu, ulizia pale. Kuuliza si kosa, na hakuna anayepaswa kukulipisha kwa jibu.

Kwa nini tunasisitiza? Juu ya mitihani. Mwisho wa mwaka wa sita kuna mtihani wa taifa wa msingi, mwisho wa mwaka wa nane kuna TENASOSP, na mwisho wa humanités kuna Examen d'État. Shule isiyo na hati haina haki ya kupeleka watoto kwa jina lake. Mara nyingine inawapitisha kwa jina la shule ingine. Siku jina la mtoto linakosekana ku liste, mzazi hajui amshike nani. Miaka sita ya feza, na karatasi hakuna.

3. Bei ya mwaka muzima ni ngapi?

Banderole inaonyesha bei ya mwezi. Usiandikishe mtoto juu ya bei ya mwezi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Shule inaomba dola 40 kwa mwezi, miezi kumi: 400. Kuandikisha: 20. Iniforme mbili: 30. Kaye na vitabu: 35. Pikipiki ao taksi, dola 15 kwa mwezi: 150. Mitihani na sikukuu ya shule: 25. Jumla ni dola 660. Ile 40 kwa mwezi imekuwa 66. Ukiwa na watoto wawili ni 1.320.

Uliza tena: munapokea franka ao dola, na mukipokea franka, munahesabu kwa bei gani? Feza ya kuandikisha inarudi kama mtoto hakuingia? Kuna punguzo kwa mtoto wa pili? Na kila mara unalipa, uchukue karatasi yenye muhuri. Lipa ku banki ao ku kesi ya shule, si mukononi mwa mwalimu ku mulango.

4. Mwezi bila feza, itakuwa namna gani?

Kwa mtu wa mukini hili njo ulizo kubwa kuliko yote. Feza yetu haiji sawasawa. Mwezi wa pili 2025 Serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje ya nchi, kisha ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Mwenye kuchimba anajua: mwezi mmoja mfuko unajaa, mwezi unaofuata hata bei ya unga ni shida.

Kwa hiyo sema wazi siku ya kwanza: « Directeur, mimi nalipwa hivi. Mwezi nikikosa, munafanya nini? » Shule zingine zinakubali kulipa kwa mihula mitatu ao kwa vipande vipande. Zingine zinafukuza watoto asubuhi mbele ya wenzao. Omba ile mapatano iandikwe, na jina lako na muhuri wa shule vikae chini yake. Mtoto anayefukuzwa juu ya minervali hakai nyumbani siku nzima. Anatembea, anakuta wenzake wanaosha mawe ku mto, anapata franka kidogo, na kesho yake kaye hakumbuki tena. Wengi wameacha masomo kwa njia hiyo, na hakuna aliyesema siku moja: « leo naacha ».

Wewe unayepata feza nyingi mwezi mmoja, lipa mbele miezi miwili ao mitatu, ukapewe karatasi. Feza iliyolipwa haikopwi na jamaa. Na wewe wa kampuni, soma convention collective yenu ao uliza delege wa sendika: mu kampuni zingine kazi inasaidia kulipa masomo, na kuna wafanyakazi wasiojua.

5. Imani inafundishwa namna gani?

Shule ya kikristo inafundisha neno la Mungu. Ni haki yake, na wengi munaitafuta juu ya hiyo. Lakini « kikristo » ni neno pana. Mkatoliki, Mumetodisti, Mupentekoste na Mwadventista hawasali namna moja. Uliza: sala ni kila siku? Mtoto wa kanisa ingine atalazimishwa kubatizwa ao kufunga? Kuna makutano ya siku ya posho ao ya yenga, na yana bei? Kuna sadaka inayoombwa watoto mu darasa? Jibu likipatana na nyumba yenu, muzuri. Lisipopatana, ni heri kujua leo kuliko mwezi wa kumi na mbili.

Na jina zuri lisifunike macho. Sala haichukui nafasi ya hesabu na Kifaransa. Omba kuona kaye ya mtoto wa darasa la mbele: mwalimu amesahihisha? Tarehe zinafuatana?

6. Lupango na njia viko namna gani?

Enda siku ya kazi, si siku ya sikukuu. Hesabu mabenchi. Ingia ku vyoo, uone kama vya wasichana viko peke yao, uone kama kuna maji ya kunawa. Uliza walimu wangapi walibaki tangu mwaka uliopita. Mwalimu asiyelipwa anahama, na darasa linabaki na watu wanaobadilika kila muhula. Uliza mtoto akikosa anaazibiwa namna gani. Kisha tembea ile njia kwa mguu, saa moja ya asubuhi. Kama inakata barabara ya makamyo ya mukini, jua nani atamvusha mtoto.

Ya mwisho ni ya mlango wa kutoka. Familia ya mukini inahama: Likasi leo, Fungurume kesho. Shule inapaswa kumpa mtoto buletini zake anapoondoka. Kama una deni, zungumza mapema, maana bila buletini shule mpya haitajua imuweke darasa gani. Na kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi. Omba kuongea na mzazi mmoja wa komite, bila direkteri kusimama pembeni. Dakika kumi naye zinakuambia kuliko banderole yote.

Masomo yanafunguliwa mwanzo wa mwezi wa tisa. Baba na mama, mukae wawili mbele ya siku hiyo, na kaye moja na kalamu. Upande mmoja muandike feza iliyoingia mu mwezi mubaya kuliko yote wa mwaka huu, si mu mwezi muzuri. Upande wa pili muandike bei ya mwaka muzima, mugawanye kwa kumi. Kama ule mwezi mubaya unaweza kuibeba, mwandikishe mtoto kwa roho safi. Kama hauwezi, shule ya mapatano ya karibu, na mzazi anayefuata kaye ya mtoto kila magaribi, ni njia ya haki pia.