Rangi Inayokula Hewa

Buhongwa, kandokando ya barabara ya kwenda Shinyanga, wachomeleaji wa mageti hupaka rangi nje, vumbi la magari likiwapitia. Asubuhi moja nilimkuta fundi akifungua kopo la rangi ya mafuta lililobaki nusu tangu kazi iliyopita. Juu ulitanda utando, kama wa maziwa yaliyochemka yakapoa. Akauzungusha kwa kijiti, akauvua mzima, akautupa. Chini yake rangi mbichi kabisa.

"Limeingia hewa," akasema, akachovya brashi.

Hakukosea. Rangi ya maji hukauka kama nguo kambani: maji yanaondoka, basi. Rangi ya mafuta ina mambo yake. Thina ikishaenda zake, mafuta yanabaki palepale na kuanza kunyonya oksijeni, molekuli zikashikana hadi kuwa wavu mmoja mgumu. Kazi hiyo hutoa joto. Ndiyo maana matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakirundikwa pembeni, yanaweza kuwaka moto bila kiberiti.

Si mafuta yote yanaweza. Mawese hayakauki. Ya pamba, tunayoyajua vizuri huku Usukumani, hufika nusu ya safari yakabaki yananata. Ya kitani hukauka vizuri kwa sababu takriban nusu ya mafuta yake ni asidi ya linoleniki, yenye njaa kubwa ya oksijeni.

Wachoraji wa Ulaya walilijua hilo kwa mikono yao kabla oksijeni haijapewa jina. Mwaka 1643 walikuwapo Uholanzi wajumbe kutoka Soyo, katika ufalme wa Kongo, wakiongozwa na Dom Miguel de Castro. Alichorwa huko kwa mtindo wa Baroki: uso unajitokeza kutoka gizani, kofia pana yenye unyoya, macho ya mtu asiyeomba radhi kwa yeyote. Picha hiyo, inayohusishwa na wachoraji wa jina la Beckx wa mji wa Middelburg, sasa iko Copenhagen. Takriban miaka mia mbili baadaye Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said wa Zanzibar, alifika New York kwa merikebu Sultana, mwaka 1840, naye akachorwa kwa rangi ya mafuta.

Weupe wa zama za Dom Miguel ulitoka kwenye madini ya risasi. Vipande vyake viliwekwa kwenye vyungu vyenye siki, vikafukiwa katika samadi ya farasi, na baada ya wiki kadhaa vikatoa unga mweupe. Sumu tupu, lakini ulikuwa na faida ya pili: risasi huharakisha mafuta kukauka. Masizi, yaliyotoa weusi, huyachelewesha. Kwa hiyo katika picha za namna ile sehemu zenye mwanga hukomaa mapema, ilhali joho jeusi linajikokota, na mara nyingi nyufa huanzia kwenye weusi. Mabwana wa enzi hizo, kwa bahati mbaya, walipenda sana kuvaa nyeusi.

Kwenye makopo ya leo kazi ya kuharakisha mara nyingi hupewa kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa Katanga.

Jioni niliporudi kwa fundi, geti lilikuwa linang'aa. Nikaligusa kuhakikisha. Alama ya kidole gumba changu iko pale mpaka leo, chini kidogo ya komeo.