Uvimbe wa Neva ya Uso: Kisu Kisitangulie

Mtu akiambiwa ana uvimbe kichwani, huuliza utatolewa lini. Kwa shwanoma ya neva ya uso, jibu la busara mara nyingi ni kwamba wakati bado. Uvimbe huu adimu, usio wa saratani, huota kwenye seli za Schwann zinazofunika nyuzi za neva, hasa pale neva inapokata kona ndani ya mfupa wa sikio. Hukua polepole, na nyuzi huweza kuvumilia kubanwa kwa miaka, mwenyewe akicheka na kufumba macho kama kawaida. Kisu hakina subira hiyo. Tangu 1985 madaktari hupima uso kwa ngazi 6 za House na Brackmann: ya 1 ni uso mzima, ya 6 ni uliopooza kabisa. Kuutoa uvimbe wote mara nyingi hulazimu kuikata neva na kuziba pengo kwa kipande cha neva ya shingoni au mguuni. Hata kiungo kikishika vizuri, kwa kawaida tunalotarajia ni ngazi ya 3: jicho hufumba kwa kujikaza, na mdomo huvutika nalo bila kuamriwa. Mwenye ngazi ya 1 akikimbilia upasuaji, ananunua hasara.

Itasemwa kwamba kungoja ni kuufuga ugonjwa. Hoja hiyo ina uzito. Uvimbe waweza kuharibu usikivu au kukandamiza ubongo, na uso ukipooza muda mrefu misuli hunyauka, hata neva ya kuunga isifae kitu. Ila kungoja kunakotetewa hapa kuna ratiba: MRI za mara kwa mara, vipimo vya usikivu, na uso kukaguliwa kila ziara. Ukishuka hadi ngazi ya 3 au 4, hesabu hubadilika. Kabla ya hapo ipo njia ya kuupanua mfereji wa mfupa bila kuugusa uvimbe, au mionzi ya kulenga ya kuzuia ukuaji.

Kinachonitia hofu zaidi ni utambuzi. Uso unaopooza ghafla, ndani ya siku 3, mara nyingi ni kupooza kwa Bell, na wengi hupona. Unaodhoofika wiki hadi wiki, au usiorudi hata kidogo baada ya miezi 4, unahitaji picha. Na kinundu kikionekana nyuma ya ngoma ya sikio, kisinyofolewe kwa uchunguzi kabla ya picha hiyo. Kinyofu chenyewe chaweza kuwa neva.