PUMBA NYINGI GHAFLA HULETA JIPU LA INI



Kiangazi kikikaza hapa Ruaha Mbuyuni, majani hukauka. Ng'ombe wa maziwa huona njaa. Ndipo wafugaji wengine hununua gunia la pumba mashineni, wakammwagia ng'ombe debe zima kwa siku moja. Wanadhani wanampa nguvu. Kumbe wanaweza kumletea jipu la ini.

JIPU LINATOKA WAPI?

Tumbo kubwa la ng'ombe limezoea majani. Akila pumba au mahindi mengi ghafla, tumbo huchachuka. Uchachu huo huchubua ukuta wa tumbo. Vijidudu hupenya kwenye michubuko, huingia katika damu na kufika kwenye ini. Huko hufanya usaha. Hilo ndilo jipu.

Msumari au kipande cha waya kikimezwa huweza pia kutoboa tumbo na kuleta jipu. Ndama naye huweza kulipata kwa njia ya kitovu kichafu.

UTALITAMBUAJE?

Ugonjwa huu hujificha. Mara nyingi huonekana machinjioni tu, mkaguzi wa nyama anapopasua ini. Hata hivyo, angalia dalili hizi:

1. Maziwa yanapungua na ng'ombe anakonda.
2. Hana hamu ya kula.
3. Homa inakuja na kuondoka.
4. Anaguna ukimbonyeza penye mbavu za kulia.

Akikohoa na kutoka damu puani, hali ni mbaya sana. Mwite bwana mifugo saa hiyo hiyo.

Usichanganye jipu na minyoo ya ini. Minyoo hiyo hupatikana kwenye majani ya mifereji na majaruba, penye konokono. Ng'ombe mwenye minyoo hukonda pia, na huweza kuvimba chini ya taya. Dawa ya minyoo haiponyi jipu. Kwa hiyo kinyesi kipimwe kwanza.

TIBA

Bwana mifugo hutumia sindano za kuua vijidudu, kama penisilini, kwa siku nyingi mfululizo. Usikatishe. Lakini jipu kubwa lina ganda nene, na dawa hailipenyi vizuri. Ng'ombe wa namna hiyo hupona kwa shida.

Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa yasinywewe wala kuuzwa, mpaka ziishe siku atakazokutajia mtaalamu.

KINGA

Mpe majani kwanza, pumba baadaye. Anza na nusu kilo kwa siku. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku 3, usizidishe kiasi atakachokuambia bwana mifugo. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Kausha na kuweka akiba ya majani wakati wa masika. Okota misumari na waya zizini. Paka kitovu cha ndama dawa ya ayodini mara anapozaliwa.

Na ng'ombe wako akichinjwa, simama karibu na mkaguzi. Akikuta jipu kwenye ini, rudi nyumbani ukatazame malisho ya ng'ombe waliobaki. Hao bado unaweza kuwaokoa.